Jack McPhee wa Dawson's Creek: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari yake ya kujiweka wazi kwamba ni shoga

Majibu haya yanataja kila kitu, hadi dakika za mwisho za msimu wa sita. Kama hujaitazama tamthilia na hutaki kuharibiwa utamu, soma kundi la kwanza tu, ukatazame, kisha urudi.

## Mambo ya msingi

Jack McPhee ni nani?

Ni mhusika wa Dawson's Creek, tamthilia ya vijana ya Marekani iliyorushwa na kituo cha The WB kuanzia tarehe 20 Januari 1998 hadi tarehe 14 Mei 2003. Msimu wa kwanza hayumo. Anaingia mwanzoni mwa msimu wa pili, mwishoni mwa 1998, yeye na dada yake Andie, wakihamia Capeside kutoka Providence. Capeside ni mji mdogo wa pwani wa kubuni katika jimbo la Massachusetts; picha zenyewe zilipigwa Wilmington, North Carolina. Jack anaigizwa na Kerr Smith, na Andie na Meredith Monroe.

Nyumbani kwao hakukaliki. Kaka yao Tim amekufa kwa ajali ya gari, mama yao amepoteza utulivu wa akili tangu msiba huo, na baba yao amebaki Providence. Ukiliweka hilo kichwani mapema, utaelewa kwa nini Jack ananyamaza kwa muda mrefu hivyo. Familia imeshaelemewa, naye hataki kuwa mzigo mwingine.

Je, ni lazima nianze na msimu wa kwanza?

Kwa hadithi ya Jack peke yake, hapana. Anza na msimu wa pili na utaelewa kila kitu kumhusu. Ila msimu wa kwanza una sehemu 13 tu, na humo ndimo Pacey, mmoja wa vijana wakuu wa tamthilia, anapoanza kumtania kaka yake Doug, askari polisi, kwamba ni shoga. Utani huo unaonekana wa kupita, lakini unarudi na uzito wote kwenye sehemu ya mwisho kabisa (tazama swali kuhusu Doug).

Nina siku moja tu. Nitazame sehemu zipi?

Sita, kwa mpangilio huu: "To Be or Not to Be..." na "...That Is the Question" (msimu wa 2, sehemu ya 14 na ya 15), "The Anti-Prom" na "True Love" (msimu wa 3, sehemu ya 22 na ya 23), halafu "All Good Things..." na "...Must Come to an End", ambazo ndizo za kufunga tamthilia. Kila moja ina kama dakika 44 bila matangazo, kwa hiyo jumla yake ni muda wa saa nne na nusu hivi.

Ukipata nafasi ya ziada, ongeza "Home Movies" ya msimu wa 3. Usianze na "True Love" kwa sababu tu umesikia habari za busu. Bila zile mbili za msimu wa pili, busu hilo ni tukio la kihistoria tu. Ukishaziona, linakuwa la Jack.

## Msimu wa pili: shairi, shule na baba

Shairi lilisema nini hasa, na kwa nini lilimfichua?

Darasa la Kiingereza limepewa kazi ya kuandika shairi. Mwalimu, Bwana Peterson, ni mtu mkali anayefurahia kuwaaibisha wanafunzi, na anamlazimisha Jack kusimama na kulisoma lake kwa sauti. Jack anaomba asisome. Anakataliwa. Shairi linaanza na giza na woga, kisha linafika kwa mtu mwenye umbo la nguvu na midomo laini, na mtu huyo ni mwanamume. Hapo sauti inamkatika. Anajaribu kuendelea, machozi yanamtoka mbele ya darasa zima, anatoka mbio.

Shairi peke yake lingeweza kupita. Wanafunzi huandika mambo ya ajabu, na kama Jack angelisoma kwa sauti kavu na kurudi kukaa, pengine mtu mmoja au wawili tu wangeguna. Kilichomfichua ni kulia. Darasa lilisoma uso wake kabla ya kulielewa shairi, na baada ya hapo kabati lake la shuleni likaandikwa tusi. Tazama tena tukio hilo ukimwangalia Jack na si wanafunzi. Anafika kwenye mstari ule akiwa anaujua, kwa kuwa aliuandika mwenyewe, na bado unamshtua.

Kwa hiyo Jack alijiweka wazi au alifichuliwa?

Yote mawili, kwa mpangilio ambao watu wengi huukumbuka kinyume. Alifichuliwa kwanza, shuleni, na mtu mwenye mamlaka juu yake. Kisha akakana. Joey, msichana aliye na uhusiano naye wakati huo, anapomuuliza, anamwambia si kweli, na anajitahidi kuonekana hadharani kama mpenzi wake wa kawaida. Kujiweka wazi kwenyewe kunakuja sehemu inayofuata, nyumbani, mbele ya baba yake.

Kati ya sehemu ya 14 (tarehe 10 Februari 1999) na ya 15 (tarehe 17 Februari) watazamaji wa wakati ule walikaa juma zima bila kujua kama Jack anasema kweli anapokana. Ukizitazama mfululizo leo unaikosa wiki hiyo. Ushauri wetu, na ni wa hiari: acha angalau usiku mmoja upite katikati.

Kama anavutiwa na wanaume, kwa nini alikuwa na Joey? Alimdanganya?

Hakuna ushahidi kwenye tamthilia kwamba alimtumia kama pazia kwa makusudi. Wanafanya kazi pamoja kwenye mgahawa wa familia ya Joey, ambako Jack ni mhudumu anayeangusha vitu kila mara. Wote wawili wanabeba familia zilizovunjika. Na Joey anaanza kuchora, naye Jack anaujua ulimwengu huo. Ukaribu wao ni wa kweli. Jack mwenyewe anataka uwe ndio jibu.

Lawama zinazostahili ni za waandishi. Dalili kabla ya sehemu ya 14 ni chache mno. Mtazamaji makini anaweza kurudi nyuma na kuona kijana mwoga, mpole na asiye na uhakika na mwili wake, lakini hizo ni tabia za nusu ya vijana wa umri huo. Ndiyo maana wapo wanaohisi hadithi ilibadilishwa njiani. Hisia hiyo ina msingi, ingawa haiharibu kinachofuata.

Ni kweli Pacey alimtemea mwalimu mate?

Kweli, usoni, mbele ya darasa, Peterson alipoendelea kumwandama Jack. Pacey, anayeigizwa na Joshua Jackson, anatakiwa aombe radhi. Anakataa, anasimamishwa masomo. Halafu anafanya jambo ambalo watu hulisahau kwa sababu halina kelele: anawasilisha malalamiko rasmi kuhusu mwenendo wa mwalimu, na mwisho wake Peterson anaacha kazi.

Baadhi ya watazamaji hukereka kwamba shujaa wa hadithi ya Jack anakuwa kijana mwingine asiye shoga. Hoja hiyo ina mashiko, lakini angalia kitu kimoja. Ushindi wa Pacey haumsaidii Jack hata kidogo na tatizo lake halisi. Mwalimu ameondoka, Jack bado hajasema lolote kwa yeyote.

Mazungumzo na baba yanaendaje?

Baba anarudi Capeside baada ya habari kumfikia. Anakuja akiwa na mpango, kama mtu aliyekuja kuzima moto: atalishughulikia, litakwisha, mwanawe si hivyo. Ni pale baba anapokana kwa niaba yake ndipo Jack anashindwa kuvumilia. Anasema, kwa kulia na kwa kurudiarudia, kwamba amejaribu maisha yake yote kulisahau jambo hili, kwamba hataki kuiongezea familia matatizo, na kwamba ni shoga. Andie anamshika kaka yake. Baba hana neno la kumpa.

Mara nyingi matukio ya aina hii huandikwa kama tangazo: kijana amejiandaa, anakaa chini na wazazi, anasema. Hapa Jack hajajiandaa. Anamjibu baba aliyekwisha kumsemea. Sentensi ambayo ingekuwa kilele cha hotuba inamtoka katikati ya kilio, kama jambo analoliomba msamaha. Hakuna muziki mtamu unaoweza kuifanya iwe ya ushindi, na haikuandikwa iwe hivyo.

Andie alilipokeaje?

Vibaya mwanzoni. Yeye ndiye aliyekuwa akiishikilia nyumba isianguke, na habari hizi zilimfikia kama ufa mwingine. Alitaka kusikia kwamba si kweli. Anapolazimika kuchagua kati ya baba na kaka yake, anachagua kaka yake, ila msimu unapoisha afya yake ya akili imezorota na baba anamrudisha Providence. Jack anabaki Capeside.

Jack alimwambia nani baada ya baba?

Joey. Mapenzi yanakwisha hapo, urafiki unabaki. Baadaye anayekuwa mtu wake wa karibu kuliko wote ni Jen Lindley, msichana wa kundi lao la marafiki, na urafiki huo unadumu hadi sehemu ya mwisho.

## Msimu wa tatu: uwanja, dansi na busu

Kwa nini walimweka kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani?

Kimchezo, kwa sababu anajua kudaka mpira, na kocha, Mitch Leery, baba yake Dawson, mhusika mkuu wa tamthilia, anahitaji wachezaji. Kihadithi, kwa sababu waandishi walitaka kuona mji unafanya nini na kijana shoga ambaye una haja naye. Katika msimu wa pili Capeside ilimcheka. Katika wa tatu inamshangilia, alimradi ashinde. Baba yake anajitokeza uwanjani kumtazama katika "Home Movies", na hapo ndipo uhusiano wao unapoanza kupona.

Hii si sehemu yenye nguvu sana ya safari yake. Ni rahisi mno kumfanya shoga akubalike kwa kumpa jezi. Faida yake inaonekana baadaye, kwa baba: bila uwanja, kumbatio la "True Love" lingekosa njia ya kufikia.

Ethan ni nani, na tiketi ya dansi ilikuwa na shida gani?

Ethan (Adam Kaufman) ni kijana anayekutana na Jack kwenye treni. Amejiweka wazi zamani, ametulia, na anamuuliza Jack maswali ambayo hakuna mtu Capeside anayeyajua. Hadi kufika hapo Jack amekuwa shoga kwa maneno tu. Hajampenda mtu, hajatoka na mtu, na Ethan halifichi hilo.

Katika "The Anti-Prom", Jack anataka kumpeleka Ethan kwenye dansi ya mwisho wa mwaka wa shule. Tiketi za wawili haziuzwi kwa wavulana wawili. Marafiki zake wanaamua kufanya dansi yao wenyewe, mahali pengine. Ndiyo asili ya jina la sehemu hiyo.

Je, busu la "True Love" ndilo la kwanza kati ya wanaume kwenye televisheni ya Marekani?

Inategemea unahesabu nini, na hapa ndipo makala nyingi hukosea. "True Love" ilirushwa tarehe 24 Mei 2000, na kwa kawaida hutajwa kama busu la kwanza la kimapenzi kati ya wanaume wawili kwenye vituo vikuu vya Marekani katika saa za jioni zenye watazamaji wengi. Kila kipande cha sentensi hiyo kina kazi yake.

Neno "la kimapenzi" limo kwa sababu ya Will & Grace. Mwezi Februari mwaka huohuo, tamthilia hiyo ya vichekesho ya NBC ilionyesha wanaume wawili wakibusiana, lakini walikuwa marafiki wanaofanya maandamano mbele ya kamera ya kipindi cha asubuhi, na busu lenyewe lilikuwa kichekesho. Kabla ya hapo vituo vilikuwa vikikwepa kabisa. Mwaka 1989, ABC ilionyesha wanaume wawili wakiwa kitandani katika tamthilia ya thirtysomething, bila hata kugusana, na makampuni yaliyolipia matangazo ya biashara yakajitoa. Mwaka 1994, Fox iliukata mkanda wa tamthilia ya Melrose Place kwa namna ambayo busu halikuonekana. Mtazamaji aliachiwa uso wa mtu mwingine anayeshuhudia.

Ukipima kwa miaka, basi, kutoka wanaume wasiogusana hadi Jack na Ethan ni miaka 11.

Busu lenyewe linaishaje? Nasikia linahuzunisha.

Ndiyo. Jack anasafiri hadi Boston na kumbusu Ethan kabla woga haujamshika tena. Ethan amerudiana na mpenzi wake wa zamani. Jack amefanya jambo la ujasiri kuliko yote maishani mwake, na jibu ni hapana.

Anarudi nyumbani akiwa amevunjika. Anayempokea ni baba yake, yuleyule wa msimu wa pili. Jack analia akisema anaogopa atabaki peke yake, na safari hii baba anamkumbatia. Kwetu sisi hilo ndilo tukio kubwa la sehemu hiyo. Busu liliingia kwenye historia ya televisheni, lakini hadithi iliyoanza Februari 1999 inafungwa na baba huyu. Ukitaka kuliona vizuri, tazama sehemu ya 15 ya msimu wa pili na "True Love" moja baada ya nyingine, ukiruka yote ya katikati.

## Misimu ya baadaye

Bibi yake Jen, mtu wa kanisa, alimkubalije Jack?

Evelyn Ryan, anayeitwa Grams na kila mtu, anaigizwa na Mary Beth Peil. Katika msimu wa kwanza ni mwanamke mkali, mshika dini, anayegombana na mjukuu wake kwa kila kitu. Hatimaye anamfungulia Jack nyumba yake na kumlea kama wake. Tamthilia haimfanyi aache imani ili ampende. Anaendelea kwenda kanisani na anaendelea kumpikia Jack. Wahusika wa dini kwenye tamthilia za vijana za wakati ule mara nyingi walikuwa wa kukataa au wa kuchekwa, kwa hiyo huyu anastahili kutazamwa kwa makini.

Tobey ni nani?

Mpenzi wa Jack wa msimu wa nne, mwanaharakati anayemkera kabla ya kumvutia. Msimu huohuo Jack anafundisha soka kwa watoto wadogo, na wazazi wanalalamika kwamba mtu kama yeye asiwe karibu na watoto wao. Wale waliomshangilia uwanjani mwaka mmoja kabla wangeweza kuwa majirani wa wazazi hawa.

Kwa nini mashabiki wengi hawaupendi msimu wa tano wa Jack?

Kwa sababu hana hadithi. Yuko chuo Boston, anajiunga na chama cha udugu cha wanafunzi wa kiume, anakunywa, anafeli, anagombana na Jen. Wazo la kumwonyesha kijana shoga akivutwa na kundi la wanaume linalompa hisia ya kuwa wa kawaida lilikuwa zuri, lakini linapewa dakika chache kwa kila sehemu na linakwisha bila kuacha alama. Msimu wa sita unamletea David (Greg Rikaart), uhusiano wa utulivu ambao pia haupati nafasi ya kutosha. Ukiruka, hutapotea.

Ilikuwaje Jack akaishia na Doug?

Sehemu mbili za mwisho zinaruka miaka mitano mbele. Jack amerudi Capeside na sasa ni mwalimu katika shule ileile iliyomwaibisha. Ana uhusiano wa siri na Doug Witter (Dylan Neal), kaka yake Pacey, ambaye sasa ndiye sherifu wa mji. Siri ni ya Doug. Jack haogopi tena kuonekana. Anayeogopa ni mtu mzima mwenye bunduki na beji.

Kwa hiyo anayejiweka wazi mwishoni mwa tamthilia ni Doug, na Jack ndiye anayesubiri. Amekaa upande ambao Ethan alikaa zamani. Jen anakufa kwa ugonjwa wa moyo na kumwachia Jack amlee binti yake mchanga, Amy. Doug anamfuata Jack ufukweni, mahali penye watu, na anachagua kuonekana naye.

Wapo wanaoona utani wa Pacey wa miaka sita uligeuzwa kuwa kweli kwa haraka mno. Ni kweli kwamba Doug hapewi muda. Lakini ukirudi msimu wa kwanza na kumtazama akicheka kwa shida kila anapotaniwa, mwigizaji amekuachia nafasi ya kuamini.

Kwa nini Jack na Doug hawakufunga ndoa?

Kwa sababu sehemu hiyo ilirushwa tarehe 14 Mei 2003, na siku hiyo hakukuwa na jimbo lolote la Marekani lililoruhusu ndoa ya watu wa jinsia moja. Jambo la kushangaza ni kwamba jimbo la kwanza likawa Massachusetts yenyewe. Mahakama yake kuu iliamua kesi ya Goodridge tarehe 18 Novemba 2003, miezi sita baada ya tamthilia kwisha, na ndoa zikaanza kufungwa tarehe 17 Mei 2004. Hadithi iliyowekwa miaka mitano mbele ikapitwa na sheria ndani ya mwaka mmoja.

## Nyuma ya kamera

Nani aliandika safari ya Jack?

Muasisi wa tamthilia ni Kevin Williamson, mwandishi shoga aliyekulia North Carolina, na ufichuzi wa msimu wa pili ulifanyika chini yake. Aliondoka baada ya msimu huo, akarudi kuandika mwisho. Katikati yake Greg Berlanti, naye shoga, alishika usukani akiwa bado kijana, na amesimulia katika mahojiano kwamba alikuwa tayari kuacha kazi kama kituo kingekataa busu la "True Love".

Kerr Smith, aliyezaliwa 1972, alikuwa na miaka 26 alipokuwa akisoma shairi la mwanafunzi wa sekondari. Si jambo geni kwa tamthilia za vijana.

Je, Jack ndiye kijana shoga wa kwanza kwenye tamthilia ya Marekani?

Hapana. Mwaka 1992, Ryan Phillippe aliigiza Billy Douglas, mwanafunzi shoga, katika tamthilia ya mchana One Life to Live. Mwaka 1994 alikuja Rickie Vasquez wa My So-Called Life, akiigizwa na Wilson Cruz, ambaye mwenyewe ni shoga na hakuficha. Tamthilia hiyo ilikatishwa baada ya sehemu 19.

Tofauti ya Jack ni muda. Anaonekana kwa misimu mitano, kutoka kukana hadi kulea mtoto. Rickie ana maisha magumu zaidi na ameandikwa kwa umakini zaidi, ila hakupewa miaka.

Kwa nini lilikuwa jambo kubwa hivyo 1999?

Mchekeshaji Ellen DeGeneres na mhusika wake wa televisheni walijiweka wazi mwaka 1997. Sehemu yenyewe ilirushwa tarehe 30 Aprili, na mwaka uliofuata tamthilia yake ikaondolewa. Msimu wa pili wa Dawson's Creek ulianza tarehe 7 Oktoba 1998. Siku tano baadaye, Matthew Shepard, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Wyoming, alifariki baada ya kupigwa kwa sababu alikuwa shoga. Vijana waliomwona Jack akilia darasani mwezi Februari walikuwa wameiona sura ya Shepard kwenye habari miezi minne kabla.

Ninaandika skripti yenye kijana wa aina hii. Nichukue nini kwa Jack?

Chukua mgawanyo wa hatua. Kufichuliwa, kukana, kukiri, kupenda na kuishi wazi viko katika matukio tofauti, mbele ya watu tofauti, na baadhi yake yametenganishwa na mwaka mzima. Skripti nyingi hukwama kwa kuvirundika vyote katika sehemu moja, halafu mhusika anabaki bila la kufanya.

Chukua pia kanuni ya gharama. Kila anayeambiwa anapoteza kitu: Joey mpenzi, Andie amani yake ya bandia, baba mpango wake. Anayeambiwa asiyepoteza chochote hana haja ya kuwa ndani ya tukio.

Usichukue ile kasoro ya dalili chache (tazama swali kuhusu Joey). Panda mbili au tatu mapema, katika matukio yanayohusu jambo lingine kabisa, na usizielekezee kamera.

## Maswali ya pembeni

Naweza kuitazama na kijana wangu?

Sehemu sita tulizotaja hazina picha za ngono. Zina tusi lililoandikwa kwenye kabati, ukatili wa mwalimu, na katika zile mbili za mwisho kifo cha mama kijana, ambacho kinachukua muda mrefu na kinaliza. Kwa mtoto aliyefiwa karibuni, hicho ndicho cha kufikiria kwanza.

Muziki niliousikia si ule ninaoukumbuka. Nimekosea mkanda?

Hujakosea. Haki za nyimbo hazikununuliwa kwa matumizi yote ya baadaye, na baadhi ya matoleo ya DVD na ya mtandaoni yalibadilishiwa wimbo wa kufungulia na nyimbo nyingi za ndani. Mazungumzo na picha za matukio ya Jack ni vilevile.

Orodha yangu ina sehemu moja pungufu mwishoni. Kwa nini?

Mwisho ulirushwa usiku mmoja kwa saa mbili mfululizo. Kwenye hesabu ya kawaida ni sehemu mbili, ya 23 na ya 24 za msimu wa 6, na jumla ya tamthilia ni 128. Orodha inayoziunganisha itakuonyesha moja ndefu. Angalia urefu: ikipita dakika 80, umepata zote mbili.